Akiba ya uzeeni au hatifungani: Mfanyakazi achague ipi?

AKIBA haiozi, walinena wahenga. Hawakutuambia, hata hivyo, ni akiba ipi inayoliwa zaidi na ushuru.

Tuchukue mfano wa karani wa kampuni ya kibinafsi anayeishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi, ambaye mshahara wake ni Sh90,000. Kila mwezi anatenga Sh10,000. Mbele yake pana njia mbili: chama cha malipo ya uzeeni kilichosajiliwa au hatifungani za serikali za miundomsingi.

Njia ya kwanza humpa nafuu leo. Tangu Desemba 27, 2024, sheria inaruhusu mchango wa hadi Sh30,000 kwa mwezi uondolewe katika mapato kabla ya ushuru kukadiriwa. Awali kikomo kilikuwa Sh20,000. Mchango wa NSSF umo ndani ya kiwango hicho. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wa karani wetu hutozwa asilimia 30, akichangia Sh10,000 ushuru wake hupungua kwa Sh3,000. Mfuko wake umepungukiwa na Sh7,000 tu.

Njia ya pili haina nafuu hiyo. Zile Sh10,000 hukatwa ushuru kwanza, zikabaki Sh7,000 za kuwekeza. Faida yake ni kwamba riba ya hatifungani za miundomsingi haitozwi ushuru, ilhali riba ya akaunti ya kawaida ya benki hukatwa asilimia 15. Mnamo Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilitoa hatifungani ya aina hii kwa riba ya asilimia 18.46, ingawa viwango vimeshuka tangu wakati huo.

Zamani hoja ya wapinzani wa malipo ya uzeeni ilikuwa kwamba ushuru unaoukwepa leo utakufuata uzeeni. Sheria ya 2024 iliidhoofisha hoja hiyo: malipo anayopokea mwanachama aliyetimiza umri wa kustaafu hayatozwi tena. Kwa hivyo, iwapo mapato ya uwekezaji ni sawa, Sh10,000 zitaishinda Sh7,000 daima.

Mbona basi mtu anunue hatifungani? Jibu ni dharura. Karo na hospitali hazisubiri mtu astaafu. Hatifungani hulipa riba kila baada ya miezi sita na yaweza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, japo bei huenda ikawa chini. Pesa za uzeeni zimefungiwa, na anayezitoa mapema hutozwa ushuru, isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa au akiwa amekuwa mwanachama kwa miaka 20.

Kuna pia kizingiti. Hatifungani za miundomsingi huhitaji angalau Sh100,000, ilhali Sh7,000 kila mwezi ni Sh84,000 kwa mwaka.

Kwa asiyelipa ushuru wa mapato, nafuu ya mchango haina maana kwake. Fundi wa jua kali huenda akajiunga na mpango wa Mbao, ulioanzishwa 2011 kwa akiba ya Sh20 kwa siku, lakini ajiunge kwa ajili ya nidhamu ya kuweka, si kwa ajili ya ushuru.

Karani wetu basi atenge kwanza pesa za dharura anazoweza kuzifikia, kisha achangie uzeeni, na ziada ikitimia Sh100,000 ndipo abishe mlango wa Benki Kuu. Anayechangia mwenyewe, nje ya mwajiri, asisahau kudai nafuu yake kwa KRA kabla ya Juni 30. Haki isiyodaiwa hubaki kwa serikali.