Nyimbo na Vitabu vya Askari: Ufunguo Uko kwa Nani?

Askari aliyepewa amri ya safari hana nafasi kubwa ya kuchagua. Begi ni moja, na mgongo utakaolibeba ni wake mwenyewe. Zamani alitia humo kitabu kimoja, picha ya nyumbani, na mwenye bahati akaongeza redio ndogo na kanda mbili tatu za muziki. Siku hizi simu yake peke yake yaweza kuchukua vitabu mia na nyimbo elfu. Kwa mizani ya uzito hapana ubishi: santuri, kanda na kitabu cha karatasi vimeshindwa. Lakini iko mizani nyingine, na tumeonelea vema kuitumia leo kwa ajili ya ndugu zetu walioko kambini na katika kota za polisi. Je, vitu hivi tulivyovilipia ni mali yetu?

Mwezi Julai 2009, watu walionunua vitabu viwili vya George Orwell, yaani 1984 na Shamba la Wanyama, kutoka kampuni ya Amazon ya Marekani, walikuta vimetoweka katika vyombo vyao vya kusomea viitwavyo Kindle. Aliyekuwa akiviuza kupitia kampuni hiyo hakuwa na haki navyo. Basi kampuni ikavifuta kutoka mbali na kurudisha fedha. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika maelezo ya masomo yake pembeni mwa kitabu alibaki na maelezo yasiyo na kitabu. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vyote vilivyouzwa humo vikakoma kufunguka. Hapa pia fedha zilirudishwa, lakini ni duka gani la vitabu mjini lililofunga milango kisha mwenyewe akapita nyumba kwa nyumba akikusanya alichouza?

Siri ya jambo hili ni kwamba mnunuzi hakuuziwa kitabu. Aliuziwa leseni ya kukisoma, na ufunguo ukabaki kwa mwenye duka. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2025, ya kuwalazimisha wauzaji kulisema hilo waziwazi kabla ya kupokea fedha.

Kwa raia wa mjini huenda hayo yakawa udhia tu. Kwa askari ni jambo zito zaidi. Majeshi ya Uganda yamekuwa Somalia tangu Machi 2007, na wako polisi wanaolinda mipaka mahali ambapo mtandao haushiki kwa majuma. Huduma ya muziki ya Spotify, iliyofika kwetu Februari 2021, humruhusu mlipaji kuhifadhi nyimbo katika simu, lakini kwa sharti la kuingia mtandaoni walau mara moja kila siku 30. Siku hizo zikipita, nyimbo hukaa kimya ingawa zimo ndani ya simu. Kanda ya zamani haikuwa na sharti hilo. Ilidai betri tu.

Hata hivyo hatusemi turudi kwenye kanda. Kanda huota ukungu, santuri hupindwa na joto, na mchwa wa nchi hii hawachagui kitabu. Moto uliowaka Universal Studios, huko California, Juni 2008, uliteketeza kanda asilia za muziki ambazo hazikuwa na mfano mwingine. Mtandao nao hauna sifa ya kujivunia: mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo zilizowekwa kwake hadi mwaka 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo.

Kwa maoni yetu, basi, ugomvi si kati ya karatasi na umeme. Swali ni nani ashikaye ufunguo. Faili ya MP3 isiyofungwa, au kitabu cha EPUB kisicho na kufuli, huenda popote mwenyewe aendapo, na programu ya bure kama VLC huupiga wimbo huo bila kumwomba mtu ruhusa. Project Gutenberg, iliyoanzishwa mwaka 1971, hutoa bure maelfu ya vitabu ambavyo haki zake zimekwisha muda. Faili za namna hii zawekwe mahali pasipungua patatu: katika simu, katika memori kadi au flashi, na nyumbani kwa mtu wa kuaminika. Kadi ndogo hupotea kwa urahisi, na flashi iliyotupwa sandukuni miaka mingi bila kuchomekwa yaweza kusahau ilichobeba.

Tuongeze neno juu ya picha. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitangaza ramani ya njia wanazokimbilia watumiaji wake. Januari 2018 watu wakagundua kwamba ramani hiyo ilichora wazi mazoezi ya askari ndani ya kambi za kigeni huko Syria na Afghanistan. Askari anayehifadhi kumbukumbu zake kwa kampuni ya mbali hahifadhi zake peke yake.

Na picha zisizodhuru mtu, yaani za gwaride, za harusi, za siku ya kuhitimu mafunzo? Mwaka 2015, ndani ya kabati la majalada la Shirika la Utangazaji la Uganda, zilipatikana negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali miongo kadhaa nyuma. Hazikuwa zimemdai mtu nywila. Tangu mwaka 2018 zimekuwa zikihamishiwa katika kompyuta kwa msaada wa vyuo vikuu, Makerere kikiwamo, na Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho mjini Kampala. Zilifaa kwa sababu karani fulani, ambaye jina lake halikutajwa, aliandika tarehe na habari juu ya kila bahasha. Picha nyingi katika simu zetu zina namba tupu ya mashine, na hakuna aliyeandika ni nani aliyesimama kushoto.