Fungu la Baharia na Ukimya Wake

Chombo cha dagaa kikianza kurudi kitupu na mabaharia wakihama mmoja mmoja, katika madiko ya Mkoani hazichelewi kusikika sababu mbili: chombo kimefanyiwa, atafutwe mganga, au vijana wa siku hizi wavivu. Zote mbili ni upuuzi wenye gharama. Mganga hulipwa, ubani hufukizwa, na mabaharia wanaendelea kuhama, kwa kuwa kilichowaudhi hakikuguswa. Wala si udogo wa fungu, kama wengi wanavyodhani. Mgawo wa baharini haujawahi kuwa sawa kwa sawa: pesa za mnada hukatwa kwanza mafuta, barafu na chakula, kisha chombo, mashine na nyavu vina mafungu yao, na nahodha ana ziada yake. Viwango hutofautiana diko kwa diko, na watu hupanda chombo wakivijua. Bei ya ndoo hutajwa na dalali mbele ya kila mtu; kinachoweza kufichika ni gharama. Baharia aliyeona dumu moja likimiminwa kwenye tangi, kisha akasomewa madumu mawili wakati wa hesabu, mara nyingi hagombi. Hunyamaza. Na ukimya huo haukomei kwenye mafuta: usiku wa pili akipapasa nyavu na kukuta zimechanika, haoni kwa nini ajisumbue kusema.

Watakaopinga watasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, upepo ukishachafuka amri iwe ya mtu mmoja. Lakini nyavu hukaguliwa kabla ya kung'oa nanga, na wakati huo nahodha hapotezi kitu kwa kuuliza. Kuuliza kwa namna hiyo kumejaribiwa hata hospitalini: kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara. Kabla ya kisu kugusa ngozi, waliomo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi, daktari hutaja anachokihofia, muuguzi husema kama vifaa vimetakaswa. Kwa hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7, na daktari wa upasuaji hakupungukiwa na mamlaka yake. Si sauti peke yake iliyoleta hayo, kwani orodha hiyo hukumbusha pia dawa za kuzuia maambukizi zitolewe mapema. Tena, huko Ontario, Kanada, ilikotumika kwa agizo la serikali, utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutajika. Ninavyoona mimi, karatasi inaweza kujazwa kila siku na aliye chini asifungue mdomo, kama hana sababu ya kuamini kuwa atasikilizwa. Kwa hiyo nahodha atauliza bure kuhusu nyavu ikiwa daftari la mafuta bado limefungwa. Risiti zisomwe ufukweni, mbele ya wote, kabla fungu la kwanza halijatengwa.