Si Kila Kivuli Kifuani ni TB

Hapa Dandora, Kayole na Umoja tumezoea: kikohozi kikikawia, tunasema ni TB. Mara nyingine sivyo. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, nayo yaweza kuota uvimbe, ingawa ni nadra. Mgonjwa hukohoa, hukosa pumzi, na wengine kope hulegea, hasa jioni.

Eksirei huonyesha kivuli tu. Aina ya uvimbe hujulikana kwa kupima kipande cha nyama kwa darubini. Uvimbe mmoja waweza kuchanganya aina mbili, kwa hivyo daktari akiomba kipande cha pili tusikatae. Makohozi yakikosa TB na kivuli kipo, tuombe barua ya kwenda Kenyatta. Tusingoje.