Mishahara miwili si lazima iwe kinga mbili

Kaka yuko saiti Midrand, dada anafanya kazi za ndani Sandton. Wakipanga akiba wanaambiana: "Mmoja akikwama, mwingine ataendesha nyumba." Hesabu wanayo: kaka hukosa mshahara mwezi mmoja kati ya minne, dada mmoja kati ya mitano. Wanazidisha: 1/4 × 1/5 = 1/20. Kwamba watakwama wote mwezi mmoja tu kati ya 20. Hapo sisi wahasibu tunasema, ngojeni kwanza.

Kuzidisha hivyo kunafaa pale tu matukio mawili yanapokuwa huru, yaani moja likitokea, uwezekano wa lile la pili haubadiliki. Mtajuaje? Fungueni daftari.

Tuseme mmeandika miezi 40. Kaka alikwama miezi 10, dada 8. Sasa wekeni kando miezi mingine yote, mtazame ile 10 ya kaka peke yake: ndani yake dada alikwama mingapi? Huo ndio uwezekano wenye sharti. Mkikuta 2, ni kawaida yake ileile, mmoja kati ya mitano. Matukio ni huru. Mkikuta 5, hiyo ni nusu nzima, si huru tena. Mlitegemea kukwama pamoja miezi 2, kumbe ni 5. (Mkikuta 3, inaweza kuwa bahati tu, endeleeni kuandika.)

Si kwamba kaka anamponza dada. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Hapa Joburg saiti nyingi hufungwa katikati ya Desemba hadi Januari, na mabosi nao huenda likizo. Wengine humwacha dada bila malipo. Halafu Januari ndiyo ada za shule nyumbani! Na mnakumbuka korona: amri ya kukaa ndani ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saiti zilisimama, na dada wengi wasiolala kwa bosi hawakuweza kwenda kazini. Siku moja, mishahara miwili.

Basi daftari likionyesha mnakwama pamoja, akiba ihesabiwe kana kwamba mna mshahara mmoja: kodi, chakula na ada za mwezi mzima bila senti kuingia, ziwe tayari kabla ya Desemba. Na mkitafuta kipato cha pembeni, tafuteni kisichofungwa Desemba.