C. W. Hobley: Mjuzi wa Miamba Aliyepewa Nchi Kutawala

Msomaji wetu wa Chwele akisimama sokoni na kuelekeza macho kaskazini, huuona Mlima Elgon. Akienda kusini-mashariki hata Webuye, ataonyeshwa kilima cha Chetambe, palipokuwa na boma la wazee wa zamani. Habari ya boma lile imefungamana na habari ya mtawala mmoja, Charles William Hobley. Na kazi yake hufahamika vyema zaidi tukitazama kwanza desturi ya Warumi.

Katika Dola ya Kirumi kulikuwa na daraja ya watu waliokuwa chini ya maseneta tu, wenye mali isiyopungua sesterse 400,000. Kijana wa daraja hiyo alipewa kwanza kikosi cha askari wa miguu wapatao 500. Kisha akawa ofisa katika lejioni. Kisha akaongoza wapanda farasi. Baadaye alikabidhiwa hesabu: kukusanya kodi, kulipa mishahara ya askari, pengine kutawala jimbo dogo zima. Pontio Pilato, ajulikanaye na kila msomaji wa Injili, alikuwa wa daraja hiyo. Jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961 lamtaja kuwa prifekti wa Yudea.

Hobley hakupitia kambi yoyote. Alizaliwa Uingereza mwaka 1867, akasoma elimu ya miamba huko Birmingham, akaajiriwa mwaka 1890 na Kampuni ya Imperial British East Africa. Mwaka 1895 alikuwa Mumias, akisimamia nchi iliyoitwa Kavirondo, ambayo siku zile ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Vita alijifunzia kazini, nao waliolipia mafunzo hayo ni Wabukusu na Watachoni.

Shauri lilianza kwa bunduki. Silaha za serikali zilikuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu, na askari waliotumwa kuzirudisha wakauawa. Hobley akaomba msaada. Akaja William Grant pamoja na askari wa Kisudani, nao Waganda na wengine wakafuatana nao. Mwezi wa Agosti boma la Lumboka lilianguka, kisha Chetambe. Maboma yale yalikuwa na kuta za udongo na mahandaki, kinga njema mbele ya adui mwenye mkuki. Mbele ya bunduki hayakufaa kitu. Watu wengi walikufa, na ng'ombe wakachukuliwa.

Baada ya hapo kazi yake ikawa ya Kirumi kabisa. Huko Kisumu mtu yule yule alisimamia kodi ya nyumba. Akapanda hata kuwa mkuu wa jimbo, akastaafu mwaka 1921. Ajabu ni kwamba aliandika pia vitabu juu ya mila za wenyeji, kimoja cha mwaka 1910 kikihusu Wakamba.

Warumi walipenda kutawala kwa mkono wa wafalme wa karibu, kama Herode. Huku kwetu mfalme huyo alikuwa Mumia wa Wanga, na baadaye ndugu yake Murunga aliwekwa juu ya Wabukusu wa Kimilili. Jambo hili liliwauma watu. Hobley alifariki mwaka 1947. Na mwaka huo huo Elijah Masinde aliwakusanya wafuasi wake Chetambe, kuwaombea waliouawa mwaka 1895.