ROSARIO: MJI WA BENDERA NA KABURI LILILOKOSA JINA

Wahenga wetu walisema: tembea uone. Sisi tulitembea, tukaivuka bahari ya Atlantiki, tukafika nchi ya Argentina iliyoko kusini kabisa mwa Amerika, na huko tukauona mji mmoja ambao tungependa kuwasimulia wasomaji wetu, hasa ninyi mvaao sare, wa jeshi na wa polisi. Mji huo huitwa Rosario. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina lake, kwa kuwa ndiko alikozaliwa mchezaji kandanda Lionel Messi mwaka 1987. Lakini sisi hatukwenda huko kwa ajili ya kandanda.

Tuliondoka Buenos Aires asubuhi kwa basi. Safari ni ya kilomita 300 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, nayo huchukua muda wa saa nne. Njiani hatukuona kilima wala bonde. Nchi imenyooka kama mkeka uliotandikwa. Ni mashamba ya soya na ya mahindi, na ng'ombe malishoni, hata jicho linachoka kuutafuta mwisho wake. Kisha majumba marefu yakajitokeza mbele yetu, na nyuma ya majumba hayo tukauona mto.

Mto Paraná si mto wa mzaha. Huanzia Brazil na kusafiri kilomita 4,880 hivi kabla ya kuungana na maji ya Río de la Plata na kuingia baharini. Rangi yake ni ya udongo, na ng'ambo ya pili huoni mji wala kijiji, bali visiwa vyenye majani na vinamasi. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja kuu na barabara ya tuta vinavyouvuka mto na visiwa hivyo mpaka mji wa Victoria, mwendo wa karibu kilomita 60. Ijapokuwa bahari iko mbali, meli kubwa hupanda mto mpaka hapo kupakia soya, mafuta yake na nafaka. Tulisimama kingoni tukaitazama meli moja ikipita polepole mbele ya mji, mrefu kama mtaa mzima, na wavuvi katika mashua zao ndogo wakiipisha bila ya haraka, kama watu waliokwisha kuizoea.

Miji mingi ya Amerika iliyotawaliwa na Hispania ina mwanzilishi wake, bwana mmoja aliyekuja na upanga na msalaba akatangaza kwamba hapa utakuwapo mji. Rosario haina mtu kama huyo. Ilianza kama nyumba chache kandokando ya kanisa dogo, ikakua kwa nguvu za wapita njia. Ilipewa hadhi ya mji mwaka 1852. Reli ya kwenda Córdoba ilipokamilika mwaka 1870, mazao ya bara yakaanza kuteremka bandarini, na watu wakaanza kupanda kutoka melini. Katika hesabu ya mwaka 1869 mji ulikuwa na watu 23,169. Ilipofika mwaka 1914 walikuwa zaidi ya 220,000. Walikuja Waitaliano na Wahispania kwa maelfu, wakaja Wajerumani na Wapoland, Wayahudi waliokimbia mateso, na Waarabu wa Syria na Lebanoni. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa ni vigumu kumjua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani. Leo wakazi wake ni takriban milioni moja.

Bahati ilitufikisha huko mwezi wa Novemba, wakati wa sikukuu ya jumuiya za mataifa, ambayo mji huu umekuwa ukiisherehekea tangu mwaka 1985. Kila jumuiya hujenga kibanda chake katika bustani iliyo kando ya mto, ikapika chakula cha mababu zake na kucheza ngoma zao. Tulikula samaki wa mtoni aliyechomwa makaani, tukala mikate ya Kiarabu iliyotiwa nyama, tukawatazama mabinti wa Kipoland na vijana wa Paraguay wakipishana jukwaani. Watazamaji nao walikuwa wakinywa mate, yaani majani makavu yatiwayo maji ya moto katika kibuyu kidogo na kufyonzwa kwa mrija wa chuma. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, nacho huzungushwa kutoka mkono hadi mkono. Tuliwakumbuka wazee wa kwetu wanavyozunguka chungu cha pombe na mirija yao.

Mji huu una uhusiano mwingine na sisi ambao haukutujia akilini mpaka tulipoonyeshwa jengo moja katikati ya mji. Katika mji huu ndimo alimozaliwa Ernesto Guevara, aitwaye Che, mwaka 1928. Ndiye yule aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwaka 1965 pamoja na wapiganaji wa Kuba ili kuwaunga mkono waasi wa mashariki ya Kongo, na ambaye katika vita hivyo alijificha chini ya jina la Kiswahili: Tatu.

Lakini fahari kubwa ya Rosario ni bendera. Tarehe 27 Februari 1812, wakati nchi ilipokuwa ikipigania kujitoa katika utawala wa Hispania, Manuel Belgrano aliweka mizinga kwenye kingo za mto huu ili kuzizuia meli za adui. Belgrano alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa kamanda. Aliona kwamba si vyema askari wake wapigane wakiwa hawana alama ya kuwatofautisha na adui, basi akapandisha bendera ya rangi nyeupe na ya samawati, kwa mara ya kwanza. Serikali ya Buenos Aires haikufurahi, ilimwamuru aifiche. Amri hiyo ilipotoka, yeye alikuwa akishika njia ya kwenda kaskazini, na huko akaipandisha tena. Leo, mahali ilipopepea mara ya kwanza pana mnara mkubwa wa mawe wenye urefu wa mita 70, uliozinduliwa tarehe 20 Juni 1957. Tulipanda juu tukauona mto wote. Tuliposhuka tukasimama mbele ya moto usiozimwa, unaowaka kwa heshima ya askari asiyejulikana wa vita vya uhuru. Hajulikani jina, lakini watu hupita mbele yake kwa adabu.

Hapo tukajiuliza swali ambalo kila mtu wa Afrika angejiuliza. Katika nyuso zote hizi za mji wa mataifa, wako wapi watu weusi? Maana walikuwapo. Hesabu ya mwaka 1778 ilionyesha kuwa karibu watu watatu katika kila kumi wa Buenos Aires walikuwa na asili ya Kiafrika. Hao hawakupanda meli kwa hiari yao. Waliletwa na minyororo. Vita vya uhuru vilipoanza, wengi waliingizwa jeshini kwa ahadi ya kuachwa huru baada ya miaka ya utumishi. Walikufa wengi sana. Katika jeshi la huyo huyo Belgrano alikuwamo mwanamke mweusi, María Remedios del Valle, aliyewauguza majeruhi na kushika silaha, akampoteza mumewe na watoto wake vitani, na Belgrano akampa cheo cha kapteni. Baada ya vita alionekana akiombaomba katika barabara za Buenos Aires, mpaka jenerali mmoja alipomtambua. Miaka mingi ilipita kabla ya nchi kumkumbuka sawasawa. Sheria ya mwaka 2013 iliifanya tarehe 8 Novemba, siku aliyofariki mwaka 1847, kuwa siku ya Waargentina wenye asili ya Kiafrika, na mwaka 2024 sura yake ikatiwa katika noti ya peso 10,000 pamoja na ile ya Belgrano.

Siku iliyofuata tulikwenda San Lorenzo, mji mdogo ulioko kaskazini ya Rosario kandokando ya mto uo huo. Hapo pana nyumba ya watawa iitwayo San Carlos. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1813, Kanali José de San Martín aliwaficha nyuma ya nyumba hiyo askari wake wapanda farasi wapatao 120. Kulipopambazuka, askari wa Hispania wapatao 250 wakashuka kutoka merikebuni na kuupanda ukingo. San Martín akawatoa watu wake kwa makundi mawili, kulia na kushoto, wakashambulia kwa mikuki na panga. Vita vilikwisha kwa muda wa robo saa hivi, na adui akarudi mtoni mbio.

Katika robo saa hiyo farasi wa San Martín alipigwa risasi, akaanguka na kumbana mguu bwana wake. Adui mmoja alikuwa karibu kumchoma singe. Askari mmoja aitwaye Baigorria akamwua huyo adui, na mwingine, Juan Bautista Cabral, akashuka kutoka juu ya farasi wake, akamvuta kamanda wake mpaka akamtoa. Kwa kufanya hivyo Cabral alipata majeraha yaliyomwua. Mama yake alikuwa mtumwa wa asili ya Afrika, na baba yake alikuwa wa kabila la Waguarani, wenyeji wa nchi hiyo. Hakuwa na cheo chochote. Usajini alipewa baada ya kufa. San Martín aliishi, akavuka milima ya Andes na jeshi lake, akazikomboa Chile na Peru. Hebu tufikiri: nchi ngapi zingengoja zaidi kama askari huyo mmoja angesita kushuka? Leo shule ya masajini na makoplo wa jeshi la Argentina huitwa kwa jina lake.

Tuliporudi Rosario jioni ile, bendi ilikuwa ikipiga wimbo wa gwaride karibu na mnara. Watoto waliimba, wazee wakanyosha migongo. Tulimwuliza mzee aliyeketi karibu nasi kuwa ni wimbo gani, akatujibu kwa mshangao kwamba ni "San Lorenzo", na kwamba kila mtoto wa Argentina huusoma shuleni. Maneno yake humtaja Cabral. Tukamwuliza ni nani aliyeutunga, naye akacheka, akasema kwamba hilo hakufundishwa.

Aliyetunga muziki wake ni Cayetano Silva, mtu mweusi aliyezaliwa Uruguay mwaka 1868, mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa. Alijifunza muziki tangu utotoni, akavuka kuja Argentina, akaongoza bendi, akafundisha vijana katika mji wa Venado Tuerto, na huko ndiko alikoutunga wimbo huo mwaka 1901. Bendi za majeshi ya nchi nyingine zikauchukua, hata Ulaya. Yasemekana kwamba haki zake aliziuza kwa peso chache, kwa sababu ya umaskini. Mwisho wa maisha yake alikuwa mtumishi wa polisi hapa Rosario, na hapa ndipo alipofariki mwezi wa Januari mwaka 1920. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba alinyimwa mahali katika makaburi ya polisi kwa sababu ya weusi wake, akazikwa pasipo jina. Ilipofika mwaka 1997, yaani miaka 77 baadaye, ndipo mifupa yake ilipohamishiwa Venado Tuerto na kuzikwa kwa heshima.

Ndugu wasomaji, Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Silva alicheza kwao, kwa kuwa Argentina aliifanya kwao, wala hakutunzwa. Tulisimama tena mbele ya ule moto usiozimwa, tukaona jambo la kusikitisha. Askari aliyelala pale jina lake lilipotea katika vita, na taifa zima likampa heshima. Silva jina lake lilijulikana, na wenzake wa kazi ndio walioliondoa.

Hatusemi haya ili kuutukana mji uliotupokea vizuri. Rosario ni mji mwema, na watu wake wanajifunza kuyasema yale ambayo zamani hayakusemwa. Tunasema haya kwa sababu ninyi mnajua gwaride la mwisho ni nini. Mmebeba majeneza ya wenzenu, mmesimama wima wakati wa tarumbeta, mmelisikia jina likisomwa. Katika orodha ya kambi, majina ya watu wa makabila yote yamepangwa pamoja, kila moja likiwa na namba yake, wala hakuna anayelivuka jina moja kwa sababu mwenye jina hilo alitoka mbali au hakufanana na wengine. Hiyo ndiyo desturi ya askari, na pale ilipovunjwa, aibu yake ilikaa miaka 77.

Basi letu liliondoka usiku. Nyuma yetu mnara ulikuwa ukiwaka taa, na mto ulikuwa giza. Mwenzetu mmoja aliyewahi kupiga tarumbeta katika bendi ya polisi alikuwa akiupiga wimbo ule kwa mluzi, polepole, mpaka usingizi ukatuchukua. Safari hii yeye alimjua mwenyewe aliyeutunga.