Njia ya Watu Wote ni Kazi ya Nani?

Ndugu musomaji, fikiri kwanza juu ya kile kijia chenye mutoto wako anapita asubuhi akienda masomoni. Kinapita nyuma ya malupango, kinashuka mpaka kwenye mufereji, kisha kinapanda upande wa pili. Wakati wa jua ni vumbi tu. Wakati wa mvua ni matope, na kila mwaka lile shimo la katikati linakuwa kubwa zaidi. Mama mwenye kubeba beseni ya unga kichwani analijua. Muzee mwenye fimbo analijua. Sasa ulizo ni hili: ni nani anapaswa kulitengeneza?

Wazee wa makambi wana jibu lao. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, Serikali ikachukua mali yake mwaka 1967, na ndipo ikazaliwa ile kompanyi yenye tunaita Gécamines. Wakati wote ule, katika makambi ya wafanyakazi, kompanyi ndiyo ilijenga nyumba, masomo na hospitali, na ndiyo ilituma watu kukata majani na kusafisha mifereji. Kisha siku zikageuka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 chimbo ya Kamoto ilianguka. Shaba yenye ilipita tani 400 000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50 000 mwaka 1994. Wakati mushahara unakawia miezi na miezi, nani atafikiri juu ya majani? Leo kompanyi zingine zimekuja, lakini kijia cha nyuma ya malupango, mara nyingi hakimo katika karatasi zao.

Tena kuna neno moja lenye linafunga mikono yetu: salongo. Wenye walikuwa wakubwa katika miaka ya 1970 wanakumbuka vizuri. Ilikuwa kazi ya lazima, na wengi walikwenda juu ya woga. Kwa hiyo leo ukisema, «Tutengeneze njia,» utasikia: «Salongo tena? Nani atatulipa? Paka sisi kila siku?» Wenye kusema hivyo si wavivu. Wanakumbuka tu. Lakini kazi ya kulazimishwa na kazi ya kujitolea si ndugu. Ile ya kwanza mutu anaiacha mara moja mukubwa akigeuka. Ile ya pili mutu anairudilia mwenyewe, kwa sababu njia ni yake.

Je, kazi ya namna hiyo inaweza kudumu? Tuangalie mbali kidogo. Mwezi wa 10 mwaka 1921, kule Marekani, Benton MacKaye, mutu mwenye alisomea kazi ya kuchunga mapori, aliandika shauri lake: kuwe na njia ndefu ya miguu juu ya milima, watu wa miji wapate kutembea na kupumuzika. Watu wa kujitolea wakaanza kuifungua, kipande kwa kipande, na mwaka 1937 ikakamilika. Inaitwa Appalachian Trail. Inapita majimbo 14, kutoka Georgia mpaka Maine, karibu kilometa 3 500. Hiyo ni zaidi ya kwenda kwa ndege toka Lubumbashi mpaka Kinshasa na kurudi. Mwaka 1968 sheria ya nchi iliikubali kuwa njia ya taifa. Lakini mpaka leo wenye kuitunza ni hasa watu wa kujitolea, katika vikundi 30 hivi. Kila kikundi kina sehemu yake, na ndani ya kikundi mutu anaweza kupewa kipande kidogo chake. Anakwenda huko mara kadhaa kwa mwaka na panga, musumeno na jembe. Hakuna mutu mwenye anabeba kilometa zote 3 500. Hiyo ndiyo siri yao ya kwanza.

Siri ya pili inatuhusu sana sisi wenye mvua kali. Wale watu wamejifunza kwamba adui wa njia si miguu ya watu. Adui ni maji. Njia ikishuka mulima moja kwa moja, mvua inaifanya kuwa muto. Maji yanachimba katikati, njia inakuwa chini kuliko kando zake, na basi maji hayapati tena pa kutokea. Watu wanaanza kupita pembeni, majani ya pembeni yanakufa, na shimo linapanuka. Hivi ndivyo korongo inazaliwa. Unajua moja karibu na kwako, sivyo?

Dawa yao haina bei kubwa. Kwanza, kama inawezekana, njia ikate mulima kwa kuzunguka polepole, isishuke wima. Pili, uso wa njia ulale kidogo upande wa chini, kama sentimeta 5 kwa kila meta moja ya upana, ili maji yavuke njia na kwenda zake. Tatu, pahali njia inashuka kwa nguvu, wanazika gogo au mawe kwa kuikata njia mushazari. Sehemu kubwa inakaa ndani ya udongo, kidogo tu inatokea juu. Upande wa juu wa gogo wanachimba mufereji mudogo wenye kutosha maji kando, katika majani. Katika majani, ndugu, si katika lupango la jirani! Nne, kisha mvua kubwa wanarudi na kutosha muchanga wenye umejaa, kwa sababu mufereji wenye umezibwa ni kama haupo.

Hapa tuseme neno juu ya desturi yetu. Tunapenda kuparua majani yote kwa jembe mpaka udongo ubaki uchi, tukisema ni usafi, tena nyoka hawatakuja. Ni kweli nyoka anapenda majani marefu. Lakini mizizi ya majani ndiyo inashika udongo. Kando ya njia, kata majani yawe mafupi kwa panga au kupekupe, usiyangoe. Nyoka hatapata pa kujificha, na mvua haitapata pa kuanza kuchimba.

Wengine watasema: «Sisi hatuna shida ya mashimo. Shida yetu ni wenye kuuza uwanja.» Ni kweli, na hiyo ni hatari kubwa kuliko mvua. Uwanja wa watoto wenye hautunzwi, siku moja unaona mawe ya mupaka yamepandwa. Basi angalieni Nairobi, katika Kenya. Ndani ya muji ule kuna pori la Karura, lenye ukubwa wa hektari 1 000 na zaidi kidogo. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa kwa wenye kujenga manyumba. Mama Wangari Maathai, mwenye alianzisha chama cha Green Belt mwaka 1977, alikwenda na watu kupanda miti kule. Tarehe 8 mwezi wa 1 mwaka 1999 walipigwa na watu wenye waliwekwa kulinda pale, na yeye akaumizwa kichwa. Hawakuacha, na wanafunzi pia wakasimama. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Alikufa mwaka 2011.

Lakini kukataza wauzaji hakukutosha. Pori lilikuwa pahali pa kuogopa, watu walisema ni pa wezi. Basi majirani wakaunda chama, wakashirikiana na shirika la Serikali lenye kulinda mapori, wakazungusha luba, wakafungua vijia. Vijana wa mitaa ya masikini ya karibu walipata kazi ya ulinzi. Mwaka 2011 pori lilifunguliwa kwa watu wote, na jamaa zinatembea mule na watoto. Somo ni hili: pahali penye watu wanapita kila siku pana macho mengi. Pahali penye hakuna mutu ni rahisi kuuzwa.

Je, sisi tuanze namna gani? Watu sita wanatosha, na njia moja tu. Mbele ya yote muende kwa shefu wa kartie, mumweleze na kuomba ruhusa, kisha kwa wenye malupango ya kando. Mukiruka hatua hiyo, watasema munatafuta udongo. Muulize wamama wenye kuchota maji: wao wanajua pahali pa kuteleza. Gawanyeni njia kwa vipande, kila jamaa yake. Muwe na kitabu cha kuandika majembe ya nani yametumika, ili yarudi kwa wenyewe.

Tena mujue mupaka wa kazi yenu. Korongo yenye imefika karibu na nyumba inaomba enjenia na mashini, na hiyo mudai kwa Serikali bila haya. Maji yenye kutoka kwenye kiwanda au kwenye mabaki ya chimbo, yenye rangi ya ajabu, musiwatume watoto kuyagusa. Na kama munataka kupanda miti, kumbukeni Lubumbashi: tanuru la shaba lilianza mwaka 1911, na upande ule moshi wake ulielekea, udongo umejaa shaba na miti mingi inakataa. Muulize kwanza wenye kusomea kilimo, musipoteze miche yenu.

Mvua kwetu inaanza mwezi wa 10 au wa 11. Magogo na mawe yazikwe mbele ya hapo, udongo ukiwa mukavu. Kisha, siku ya mvua ya kwanza, ikiisha kukatika, toka inje na jembe na kijana wako, mutembee njia yote, muangalie maji yamepita wapi. Yeye atawaonyesha kazi ya juma lenye kufuata.